Tulia Kidogo, Mama

Mpiga picha alikuwa amelala kifudifudi kwenye nyasi za bustani ya mimea, kiwiko kimoja juu ya gunia lililokunjwa, jicho moja limefumbwa na jingine limebanwa kwenye kamera, akisubiri ua dogo kuliko punje ya mchele liache kutikisa kichwa. Ua lilikuwa linasema hapana. Lilisema hapana tangu asubuhi. Kila alipobana pumzi na kugusa kitufe, kiupepo kisichotosha hata kupoza chai kilipita, ua likainama kidogo tu, na kwenye kioo cha kamera likatokea doa la zambarau lenye ukungu, kama kitu kinachoonwa na mtu aliyeamshwa ghafla usingizini.

Hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa na stendi ya miguu mitatu aliyoikata miguu ili kamera ifike chini kwenye udongo. Alikuwa na mwavuli mweupe wa kulainisha jua, kadibodi ya kurudisha mwanga upande wa kivuli, na kijiti chenye kibanio cha nguo cha kushikia mashina yenye kiherehere. Alijua kuwa ukikisogelea kitu kidogo kiasi hicho, kila kitu kinakuwa kikubwa, pamoja na makosa yako. Lori likipita barabarani, linaingia kwenye picha. Moyo wako ukidunda, unaingia kwenye picha. Unywele mmoja wa jani ukitokea wazi, wa nyuma yake unazama kama umetumbukia kwenye maziwa.

Miaka yote alikuwa amepiga harusi na picha za pasipoti. Bwana harusi ukimwambia asimame, anasimama. Hata mtoto mkorofi ukimwonyesha pipi anaganda. Mimea haikuwahi kumsikiliza.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kitabu. Bustani ilitaka kitabu kikubwa cha mimea yake midogo, ile ambayo wageni huikanyaga wakienda kutazama mikubwa. Mkurugenzi wa bustani alikuwa mtu mpole, aliyeamkia miti kila asubuhi kabla ya kuwaamkia wafanyakazi, na shingoni alivaa kioo cha kukuzia kwenye kamba ya kiatu. Mpiga picha kila alipompelekea kazi, Mkurugenzi aliiinamia kwa kioo chake kwa muda mrefu, akaguna.

"Nzuri. Ila sioni vinyweleo."

"Mkurugenzi, ni upepo."

"Upepo naujua. Mimi nataka vinyweleo."

Mpiga picha alirudi nyumbani jioni hiyo na nyasi kwenye ndevu, akiwaza namna ya kuiacha kazi bila kuonekana imemshinda.

Nyumbani kwake kulikuwa ghorofani, vyumba viwili na kibaraza chembamba. Aliishi hapo na mkewe, muuguzi, na mama wa mkewe, ambaye alihamia kwao tangu magoti yalipoanza kumsumbua. Mama mkwe hakuwa na makuu. Alikula kilichopikwa, akasifu chumvi, akakaa kwenye kigoda chake kibarazani. Shida yake ilikuwa moja tu, na familia ilishaizoea kama watu wanavyozoea bomba linalovuja: pale alipokaa, upepo haukufika. Nguo zilizoanikwa upande wake wa kamba hazikukauka, ila zilikaa na unyevu mpaka zikanuka. Pazia la dirisha lake lilining'inia kama limepigwa rangi ukutani. Feni ya sebuleni ilipunguza mwendo kila alipoketi chini yake, ikajikokota, ikasimama, na siku za joto binti yake alilazimika kumwambia, "Mama, hebu sogea kule kidogo, tunaungua." Naye alisogea.

"Mama yenu ametulia," wageni walisema, na walikuwa wanamsifu.

Jumapili moja mama mkwe alikuwa kibarazani anachagua mchele. Karibu na mguu wake kulikuwa na kopo la maziwa, na ndani ya kopo limejiotea gugu ambalo alikataa kuling'oa kwa kuwa, alisema, halikumkosea mtu. Mpiga picha alikuwa anajaribu lenzi yake. Nje upepo ulivuma hadi mabati ya jirani yakapiga kelele. Aliielekeza kamera kwenye gugu bila matumaini, akagusa kitufe, akatazama.

Aliona vinyweleo. Aliviona vyote, kimoja kimoja, kila kimoja na kijitone cha umande kwenye ncha, na kwenye kimoja kati ya hivyo mdudu asiyeonekana kwa macho alikuwa amesimama anajisafisha miguu.

Akaishusha kamera mapajani. Kisha akamtazama mama mkwe wake, ambaye alikuwa ameshika jiwe dogo kati ya vidole viwili akilikagua kama ni la kutupwa.

Akaenda chumbani. Mkewe alikuwa anapiga pasi sare yake ya hospitali.

"Nataka kumwazima mama yako."

"Kumwazima kama nini? Kama ufagio?"

"Akae tu bustanini, karibu nami. Nikipiga picha."

Mkewe aliigeuza sare upande wa pili. "Kamwambie mwenyewe."

"Ni mama mkwe wangu. Nitaanzia wapi?"

"Anzia kwenye shikamoo. Mimi nikimwomba kitu husema nimemzoea."

Mpiga picha alirudi mpaka mlango wa kibaraza, akakohoa kwa heshima.

"Nimesikia," mama mkwe alisema. "Kuta za nyumba hii ni karatasi. Bustani ipi?"

"Ile ya mimea, Mama. Ng'ambo ya reli."

Mikono yake iliendelea kuchagua mchele, na kisha ikawa inachagua mchele uliokwisha kuchaguliwa.

"Ile," alisema. Baadaye kidogo akaongeza, "Nitakuja na kigoda changu."

Langoni palikuwa na mlinzi ambaye kila mtu alimwita Filimbi, kwa sababu ya kitu alichovaa shingoni na kukipuliza kwa sababu yoyote ile. Filimbi alimkatia mama mkwe tiketi. Mama mkwe aliipokea, akalitazama lango kutoka juu mpaka chini, kama mtu anavyomtazama mtoto wa ndugu aliyerefuka bila kuaga.

"Lango mmeliweka huku," alisema.

"Liko hapa siku zote, Mama."

"Haya."

Ndani, mpiga picha alitaka kumwonyesha njia, akakuta yeye ndiye aliyeachwa nyuma. Mama mkwe aliiacha njia ya mawe, akakata kona pasipo na kona. Mahali fulani kwenye majani matupu aliinua mguu juu kuliko ilivyohitajika, kisha akazunguka uwazi usio na kitu, taratibu, kama mtu anayekwepa meza gizani. Alifika kwenye mawe yaliyootwa na magugu na kuvu ya kijani, ile mimea laini ipendayo unyevu, na kila aina ya kijani kidogo, akaweka kigoda, akaketi.

"Hapa panafaa?"

Panafaa lilikuwa neno dogo mno. Ua la zambarau, lililokuwa limemkatalia mpiga picha siku nenda siku rudi, lilikuwa hatua chache tu kutoka pale, na lilikuwa limesimama wima kama mwanafunzi aliyeitwa jina. Alipiga. Akaisogeza fokasi nyuma kidogo, upana wa ukucha wa siafu, akapiga tena, na tena, kutoka petali ya mbele hadi ya nyuma, ili baadaye azilaze picha zote moja juu ya nyingine ziwe picha moja iliyo wazi kote. Kwa siku za kawaida kazi hiyo haiwezekani nje ya chumba kilichofungwa. Siku hiyo aliifanya huku anapiga mluzi.

Upepo ulikuwepo. Ulitoka kwenye mikaratusi, ukaitikisa mianzi, ukaja mbio juu ya nyasi. Ulipomkaribia mama mkwe uligawanyika, kama watu sokoni wanavyompisha mjamzito, ukapita pande zote mbili, ukakutana tena mbele na kuendelea na safari. Pamba za miti zilizokuwa zinaelea angani zilipoingia kwenye duara lake zilishuka chini moja kwa moja, polepole, na kujipanga kuzunguka viatu vyake.

Filimbi alikuja kuangalia wanafanya nini. Aliwasha sigara, na moshi ukapanda juu kama uzi uliofungwa mbinguni.

"Huyu mama ametulia kweli," alisema.

"Sana," mpiga picha alisema, bila kuinua kichwa.

Kwa hiyo wakawa wanakwenda. Msimu wa mvua ulipita na wa jua ukaingia. Hapo mwanzo Mkurugenzi alikuwa ameiinamia picha ya kwanza kwa kioo chake, hakuguna. Aliitazama mpaka kioo kikapata ukungu wa pumzi zake, akakifuta kwa shati, akatazama tena, na macho yake yakalowa.

"Umefanyaje?"

"Nakuja na mama mkwe wangu."

"Basi endelea naye," Mkurugenzi alisema.

Mama mkwe alipenda kukaa palepale kwenye mawe, na mpiga picha alijifunza kupanga kazi kulizunguka duara lake. Miche iliyokuwa mbali aliichukua kwenye makopo na kuileta kwake, kama wagonjwa wanaoletwa kwa daktari. Hawakuzungumza sana. Ilikuwa kama kufanya kazi ndani ya usingizi wa mtu mwingine. Nyuki walipita wakiburuta sauti zao. Mwanga ulikaa pale ulipowekwa. Mara nyingine mpiga picha aliinua kichwa na kuona vivuli vya mchana mzima vimesogea bila yeye kujua, na mama mkwe hajageuza hata shingo.

Siku moja alikuwa anapiga kuvu ya kijani iliyoota juu ya jiwe refu, bapa, lililolala katikati ya mengine. Hiyo ilikuwa picha ngumu kuliko zote, kwani kila kishina kilikuwa chembamba kuliko uzi wa buibui na kilibeba kichwa mfano wa taa ya barabarani. Alikuwa amefika katikati ya kazi mguu wa mama mkwe ulipopatwa na ganzi. Aliunyoosha. Upepo ukachungulia, ukaingia, na msitu wote mdogo ukatikisika.

"Tulia kidogo, Mama," mpiga picha alisema, jicho likiwa bado kwenye kamera.

Mama mkwe aliurudisha mguu. Upepo ukatoka.

"Na wewe," alisema.

Alilisema bila hasira. Mpiga picha ndiye aliyeondoa jicho kwenye kamera.

"Na mimi nini, Mama?"

"Na wewe umelisema. Nilikuwa najiuliza utalisema lini."

Akamweleza, macho yake yakiwa kwenye kuvu. Neno la kwanza alilokumbuka kuambiwa duniani lilikuwa hilo. Tulia nikusuke, mama yake alimwambia, na kichwa chake kikiwa kimebanwa katikati ya magoti alijifunza kukaa hata chozi lisidondoke upande. Tulia, shangazi zake walimwambia alipoolewa, mtazoeana. Tulia, walimwambia alipofiwa na mume, akiwa na mtoto mgongoni, jikaze, watu wanakutazama. Hayo yote, alisema, ni ya kawaida, hakuna mwanamke asiyeambiwa. Wakati huo nguo zake zilikuwa bado zinakauka.

Kisha wakaja watu wenye kamba na vigingi. Wakapima kuanzia reli mpaka mtoni. Walikuwa na adabu, waliomba hata maji ya kunywa. Walisema patajengwa kitu cha wote, na kwamba kila mwenye nyumba atapewa mahali pengine. Nyumba zikabomolewa, na mahali pengine pakawa hapajapatikana. Akaenda ofisini. Karani wa dirishani akamwambia, "Tulia, Mama, jambo lako linashughulikiwa," akamwonyesha benchi.

"Nikakaa," mama mkwe alisema. "Kila siku nilikwenda nikakaa. Wengine walipiga kelele, wakafukuzwa. Mimi nikasema, nikitulia vizuri wataona. Nikatulia. Siku moja naona feni ya juu yangu imesimama. Karani akatoka nje, akanitazama, akatazama feni. Nikafikiri, leo wameniona. Akaniomba nihamie ndani, nikae karibu na meza yake, kwa sababu makaratasi yake yalikuwa yanapeperuka."

"Ukahamia?"

"Nikahamia. Makaratasi hayakupeperuka tena. Alinishukuru sana. Halafu ofisi ikahama, wakayabeba makaratasi."

Pamba ya mti ilishuka na kutua juu ya goti lake. Aliiacha hapo.

Mpiga picha alitaka kuuliza nyumba ilikuwa wapi hasa, lakini alihisi anajua, na mtu anayejua jambo huchelewa kuliuliza. Akapiga picha zilizobaki. Mpaka jua lilipopungua, vishina vyote vilikuwa vimetokea wazi.

Jioni alizilaza picha zile moja juu ya nyingine kwenye kompyuta, akaikuza iliyopatikana mpaka ikajaza kioo kizima. Kuvu ilisimama kama msitu unaoonwa na ndege. Katikati ya msitu, pale vishina vilipoachana, jiwe lenyewe lilionekana, nalo lilikuwa na mfereji. Mfereji ule ulikuwa mwembamba, laini, umeliwa mdogomdogo na kitu kilichopita palepale mara elfu. Ndani yake zilibaki chembe za kutu.

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake.

"Hapo nilikuwa nanoa kisu," alisema. "Fundi alinikataza. Alisema kizingiti si cha kunolea kisu, kitaisha. Hakijaisha."

Mkewe alitoka bafuni na mswaki mdomoni. Akasogea, akautazama mfereji, akafuata kwa kidole ukingo wa jiwe mpaka kwenye pembe iliyovunjika. Mkono wake wa pili ulipanda wenyewe mpaka kwenye kovu la kidevu chake, lile alilokuwa nalo tangu utotoni na ambalo mumewe alilizoea hata hakuliona tena.

"Ni hapa nilipoanguka?"

"Ni hapo."

"Mama, uliniambia kwetu kulikuwa mbali."

"Kulikuwa mbali," mama mkwe alisema. "Kwa miguu ni karibu. Lakini kulikuwa mbali."

Muuguzi aliutoa mswaki mdomoni, akakaa sakafuni, akaegemeza kichwa kwenye miguu ya mama yake kama mtoto anayesubiri kusukwa. Walikaa hivyo mpaka kompyuta ikajizima yenyewe.

Asubuhi mpiga picha alikwenda kwa Mkurugenzi bila miadi. Mkurugenzi hakubisha. Alikuja naye mpaka kwenye mawe, akapiga magoti na suruali yake safi, akainama na kioo chake juu ya mfereji.

"Ni kizingiti," alisema. "Ni kweli kabisa. Nimekipita miaka yote hii."

"Basi tuandike chini ya picha. Kwamba ni kizingiti cha nyumba, na nyumba ilikuwa ya nani."

Mkurugenzi alibaki amepiga magoti. "Kitabu ni cha mimea."

"Mimea imeota juu ya kizingiti."

"Ndiyo, na jina la mmea tutaliandika. Nisikilize, ndugu yangu. Nilipopewa bustani hii nilikuta miti. Ningekuta watu, ningewaandika watu." Aliongea kwa huzuni ya kweli, mkono wake ukilipapasa jiwe kama mgongo wa ng'ombe. "Lakini hii picha ndiyo bora kuliko zote. Hii inakwenda kwenye jalada."

Kisha akasimama, akajipangusa magoti, na uso wake ukang'aa kwa wazo jema. Wageni wengi, alisema, wanakuja bustanini kupiga picha za maua, nao wanalalamika upepo kila siku. Mama huyu wanamhitaji. Bustani itampa kazi, na sare, na kitambulisho. Atakuwa Mtulizaji wa Bustani. Atakaa anapopenda.

"Anapenda kukaa pale," mpiga picha alisema.

"Basi akae pale," Mkurugenzi alisema, na akafurahi kwa kuwa jambo limekwisha vizuri.

Mpiga picha alitembea kwenda nyumbani kwa njia ndefu. Alijaribu maneno mengi, na alipofika kibarazani akayasema yale machache yaliyobaki, akitazama sakafu kama mtu aliyetumwa kupeleka posa mbaya.

Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kucheka. Kilianza kicheko kidogo tumboni, kikapanda mabegani, na mwishowe kigoda chote kikawa kinatikisika, na machozi yanamtoka, na hakuyapangusa. Pazia la dirisha lake likainuka. Likapepea, likaingia ndani na kutoka nje, na shuka zilizokuwa zimeanikwa upande wake wa kamba zikajaa upepo na kupiga kama mabawa. Sebuleni feni ilizunguka kwa kasi mpaka magazeti yakaruka. Mkewe alikuja mbio, akaushika mlango usijifunge.

"Mama?"

"Wananipa ruhusa ya kuingia," mama mkwe alisema, akijipepea kwa kiganja. "Bila tiketi."

Alipopumua, pazia likalala. Shuka zilikuwa zimekauka.

"Huendi," muuguzi alisema aliposikia yote. "Mama, hao ndio walewale."

"Nawajua ni nani."

"Wakutumie kama walivyokutumia kwenye makaratasi?"

"Kule nilikaa kwenye benchi lao. Huku nitakaa kwenye kizingiti changu. Tofauti huioni?"

"Naiona. Lakini bado ni chao."

"Bado ni chao," mama mkwe alikubali, akaanza kuzikunja shuka. "Shika ncha hiyo."

Kitabu kilitoka. Kilikuwa kizito na kizuri, na kuvu ya jalada ilikuwa wazi kiasi kwamba watu dukani waliigusa kwa kidole kuona kama ina maji. Chini yake liliandikwa jina la mmea kwa lugha ya wataalamu. Ndani, kwenye utangulizi, Mkurugenzi aliandika kwa mkono mwepesi kuhusu vichaka vitupu vilivyokuwa hapo kabla ya bustani. Mpiga picha alisifiwa. Watu waliomjua kwa picha za pasipoti walimwita mtaalamu, na wengine walimuuliza siri ya kupata picha zisizotikisika. Aliwaambia kuhusu stendi na mwavuli na kadibodi. Kuhusu mama mkwe aliwaambia pia, nao wakaitikia kwa kichwa na kumuuliza kama anapatikana siku za wikiendi.

Alifurahi, na furaha yenyewe ilimkwama mahali fulani kama mwiba wa samaki. Hakujua la kufanya nayo. Alichoweza kubadilisha kilikuwa kidogo: hakulitamka tena lile neno. Mama mkwe aliponyoosha mguu, aliondoa mkono kwenye kamera na kusubiri, na upepo ulipofanya fujo zake kwenye majani aliyatazama tu.

Siku ya kwanza ya kazi mama mkwe alivaa sare ya kijani iliyompwaya mabegani. Alikaa juu ya jiwe lenyewe, kigoda akakiacha pembeni. Bibi harusi mmoja alipigwa picha karibu naye, na shela yake haikumrukia usoni hata mara moja. Mzee mmoja mpenda maua alikuja na kamera ndogo, akaondoka akishukuru. Jioni Filimbi alipuliza filimbi, akawatoa wageni, akafika kwenye mawe.

"Mama, tunafunga."

"Nami nafunga," mama mkwe alisema.

Alisimama, akavuka jiwe kuja upande wa nje, akageuka. Akanyoosha mkono hewani, akavuta kitu kuelekea kwake, akakivuta tena kwa nguvu kwa kuwa kilikuwa kigumu, kisha akainama na kusokota kiganja. Filimbi alisimama akisubiri kwa heshima, mikono nyuma. Alisikia komeo likiingia. Mama mkwe alijaribu kama limeshika, akaridhika, akaweka kiganja mfukoni mwa sare, na Filimbi akamsindikiza mpaka langoni.

Kesho yake asubuhi mfanyakazi mwenye toroli la mbolea aligonga hewa tupu mahali pale, toroli likapinduka. Wenzake walijaribu kupita, wakashindwa. Mkurugenzi aliitwa. Aliiamkia miti njiani, akafika, akaweka kiganja hewani juu ya jiwe na kuhisi mbao, zenye joto kidogo upande wa jua. Akabisha hodi. Hakuna aliyeitikia.

"Hajafika," mmoja wa wafanyakazi alieleza. "Lango kubwa la wageni halijafunguliwa."

Mkurugenzi alifikiri, kisha akaagiza kibao. Kilichongwa vizuri, kwa herufi nyeupe, kikasimikwa kando ya njia: NJIA HII HUFUNGULIWA BAADA YA MHUDUMU KUFIKA. Mpiga picha alikisoma siku kilipowekwa. Aliuliza kama wanaweza kuongeza neno moja, nyumba. Aliambiwa kibao kimejaa.

Sasa kila asubuhi mama mkwe anavuka reli kwa miguu, anasimama nje ya lango kubwa pamoja na wengine, kitambulisho mkononi, mpaka Filimbi afungue. Anakata kona pasipo na kona. Kwenye mawe wanamsubiri watu wenye matoroli, na wenye mipira ya maji, na wageni waliomtangulia kutoka langoni na kamera zao. Wanampisha. Anatoa kiganja mfukoni, anasokota, anasukuma kwa bega.

"Karibuni," anasema. "Futeni miguu."

Wanafuta miguu kwenye nyasi, mmoja baada ya mwingine, na kupita.